Mama, Rudi Upimwe Sukari Baada ya Kuzaa

Mama, kijitabu hiki ni chako kama wakati wa mimba munganga au muuguzi alikuambia: "Sukari yako iko juu." Labda ulikatazwa chai yenye sukari. Labda ulichomwa sindano za insulini mpaka siku ya kuzaa. Kiisha mtoto akazaliwa, sukari ikashuka, ukarudi nyumbani kwa furaha. Hiyo ni habari njema. Lakini kazi haijaisha. Kipimo kimoja kinabaki, na akina mama wengi hawakifanyi.

Soma kijitabu hiki polepole. Kama hujui kusoma, umwombe mtoto wa shule akusomee. Kama habari hii si yako, labda ni ya dada yako au ya jirani yako. Mpe asome.

SUKARI INAFANYA NINI MWILINI?

Chakula tunachokula, kama ugali wa muhogo, viazi, ndizi, mchele au mkate, kinageuka sukari tumboni. Sukari hiyo inaingia katika damu. Ni kama makala ya jikoni: mwili unaichoma ili upate nguvu za kulima, kubeba mizigo na kunyonyesha. Lakini makala ikibaki nje uani, haipikishi kitu. Sharti mtu aibebe mpaka jikoni. Katika mwili, anayebeba ni insulini, maji ya dawa yanayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Insulini ikipungua, au ikikosa nguvu, sukari inarundikana katika damu. Huo ndio ugonjwa wa sukari.

KWA NINI ILIPANDA WAKATI WA MIMBA?

Mtoto tumboni analishwa na kondo la nyuma. Kondo hilo linatoa maji yake, na maji hayo yanaingia katika damu ya mama na kuzuia insulini isifanye kazi vizuri. Kadiri mimba inavyokua, ndivyo kizuizi kinavyoongezeka, zaidi baada ya juma la 24. Kongosho la mama linalazimika kufanya kazi mara mbili au tatu.

Umekwisha kuona vijana wanaosukuma chukudu yenye mizigo. Katika njia ya tambarare, mwenye nguvu na mwenye kuchoka wote wanakwenda, huwezi kuwatenga. Lakini ngoja wafike kwenye mlima. Mmoja anapanda mpaka juu. Mwingine chukudu inamshinda katikati. Mlima haukumletea udhaifu ule. Mlima uliuonyesha tu.

Mimba ni mlima huo. Mama ambaye sukari yake ilipanda, mwili wake umeonyesha kwamba kongosho lake halina akiba ya kutosha. Siku ya kuzaa kondo linatoka, mlima unaisha, na kwa mama wengi sukari inashuka siku hizo hizo. Lakini kongosho ni lile lile. Mlima mwingine ukija, kama kunenepa sana, mimba ingine au uzee, chukudu inaweza kusimama tena, na safari hii isiondoke.

Si ugonjwa wa wachache. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilihesabu kwamba duniani kote, katika kila watoto 6 waliozaliwa, mmoja alitoka katika mimba ambamo sukari ya mama ilikuwa juu.

KWA NINI NIPIMWE TENA, KAMA ILISHUKA?

Kuna sababu tatu.

1. Mama wengine walikuwa na ugonjwa wa sukari mbele ya mimba, bila kujua. Hawakupimwa hata mara moja mpaka walipofika CPN. Kwa mama hawa ugonjwa hautoki na kondo. Unabaki, na unahitaji matunzo.

2. Mama wengine sukari yao inashuka, lakini haifiki chini kabisa. Inabaki katikati. Hapo bado kuna nafasi kubwa ya kuzuia ugonjwa.

3. Mama wengine wanapona kabisa, lakini ugonjwa unarudi baada ya miaka 5, 10 au 20. Waganga walilinganisha maelfu ya akina mama katika nchi nyingi. Wakaona kwamba mama aliyekuwa na sukari wakati wa mimba ana hatari ya kupata ugonjwa wa sukari mara 7 mpaka 10 kuliko mama ambaye hakuwa nayo.

Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1964, katika mji wa Boston, Marekani, munganga John O'Sullivan na mtaalamu wa hesabu Claire Mahan walitangaza hesabu za kupima sukari ya wenye mimba. Walichagua hesabu hizo kwa kufuata akina mama miaka mingi na kuona ni nani aliyeugua baadaye. Basi tangu mwanzo kipimo cha mimba kilikuwa cha kulinda maisha ya mama mwenyewe pia, siyo ya mtoto tu.

TAZAMA NAMNA MAMBO YANAVYOENDAKA

Mama anazaa vizuri. Anaambiwa: "Rudi baada ya juma 6." Juma la sita linafika. Anakwenda CPS, mtoto anapimwa kilo, anapata chanjo. Mama mwenyewe hapimwi. Anasema: "Sukari ilikuwaka wakati wa mimba tu, sasa niko muzima. Nirudie nini kule?" Hana maumivu, tena shamba linamngoja.

Miaka miwili inapita. Sukari inapanda pole pole bila kelele. Kiisha anabeba mimba ingine. Kwa kawaida mama wetu wanaanza CPN katika mwezi wa nne au wa tano. Lakini moyo wa mtoto, uti wake wa mgongo na ubongo wake vinaumbwa katika juma 8 za kwanza, wakati mama hajawaambia hata jirani. Kama damu imejaa sukari katika siku zile, mimba inaweza kutoka, au mtoto anaweza kuzaliwa na kilema cha moyo au cha mgongo. Munganga akipima sukari mwezi wa tano, atasaidia mengi, lakini yale yaliyokwisha kuumbwa hawezi kuyaumba upya.

Kipimo cha asubuhi moja kingaliweza kuonyesha hatari hiyo mapema. Ndiyo sababu tunakuomba urudi.

NIRUDI LINI?

Mbele ya kutoka materniti: sukari ipimwe mara moja, ili tujue kama imeshuka.

Baada ya juma 6 mpaka 12: hiki ndicho kipimo kikubwa. Ili usisahau, ukifunge pamoja na chanjo ya mtoto. Mtoto anapata chanjo zake katika juma la 6, la 10 na la 14. Siku ya juma la 6, mtoto achanjwe na mama apimwe. Ukikosa siku hiyo, njoo juma la 10. Na kama mtoto wako sasa anatembea na hukupimwa bado, usione haya. Njoo hata leo. Kuchelewa ni bora kuliko kutokuja.

Kiisha kila mwaka: au, kama njia ni ngumu, usipitishe miaka 3 bila kupimwa. Fanya hivyo maisha yako yote.

Mbele ya mimba ingine: ukiwaza kuzaa tena, pimwa kwanza.

WANAPIMA NAMNA GANI?

Siku tatu mbele, kula kama kawaida yako. Usijinyime. Mama anayejinyima ili "sukari ishuke" anajidanganya mwenyewe.

Kula chakula cha jioni, kiisha usile kitu mpaka asubuhi. Usinywe chai, uji, soda wala kasiksi. Maji safi yanaruhusiwa. Mtoto anyonye kama kawaida usiku wote na njiani. Kunyonyesha hakuharibu kipimo.

Fika mapema, tumbo likiwa tupu. Katika labo watatoa damu kidogo. Kiisha watakupa maji yenye gramu 75 za glukozi. Ni matamu sana, lakini uyanywe yote kwa dakika 5. Halafu ukae ukimnyonyesha mtoto. Usitembee-tembee sokoni, wala usile. Baada ya saa 2 watatoa damu tena. Chukua chakula katika kikapu chako ili ule mara moja ukimaliza.

Kama kituo chako hakina glukozi, watapima damu ya asubuhi tu, mbele ya kula. Kipimo hicho kinaacha wengine bila kuonekana, lakini ni bora sana kuliko kukosa.

Mama, usiridhike na kipimo cha mkojo. Sukari haionekani katika mkojo mpaka ipande sana katika damu. Tena mkojo wa mama anayenyonyesha unaweza kuwa na sukari ya maziwa, ambayo si ugonjwa. Kuna na kipimo kingine cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita. Hicho nacho kinaweza kudanganya kwa mama aliyezaa karibuni, aliyepoteza damu au mwenye upungufu wa damu.

MAJIBU YANASEMA NINI?

Omba waandike hesabu katika fishi yako. Labo zetu zinahesabu kwa miligramu katika desilita moja ya damu.

Sukari nzuri: asubuhi mbele ya kula iko chini ya 110, na saa 2 baada ya kunywa glukozi iko chini ya 140. Shangilia, na urudi mwaka ujao.

Sukari ya katikati: asubuhi ni 110 mpaka 125, au baada ya saa 2 ni 140 mpaka 199. Hujaugua bado, lakini uko mlangoni. Fuata mashauri yaliyo hapa chini na urudi bila kukosa.

Ugonjwa wa sukari: asubuhi ni 126 au zaidi, au baada ya saa 2 ni 200 au zaidi. Kama huna dalili, watarudia kipimo siku ingine ili wahakikishe. Ikithibitika, anza matunzo. Usikate tamaa. Mama mwenye ugonjwa wa sukari anayefuata matunzo anaweza kulima, kuuza na kulea watoto wake mpaka awaone wajukuu.

Usingoje dalili. Lakini ukiona kiu isiyokwisha, kukojoa mara na mara usiku, kukonda bila sababu, macho kufifia, au vidonda visivyopona, usingoje siku ya chanjo. Kuja mara moja.

NAMNA YA KUJIKINGA

Nyonyesha. Mpe mtoto maziwa ya kifua peke yake miezi 6, kiisha endelea pamoja na chakula mpaka miaka 2. Kunyonyesha kunatumia sukari ya mama. Waganga wamechunguza na kuona kwamba mama aliyekuwa na sukari wakati wa mimba, akinyonyesha vizuri, hatari yake inapungua.

Panga sahani. Nusu ya sahani iwe mboga: sombe, lengalenga, matembele, kabeji. Robo iwe maharagi, mayai, ndagala au samaki wa ziwa Edouard. Robo inayobaki iwe ugali, viazi au ndizi. Kwetu mara nyingi tunageuza: ugali mlima, mboga kijiko. Hatusemi uache ugali. Tunasema upunguze ugali na kuongeza mboga na maharagi. Vyote viko katika shamba na soko letu. Si chakula cha matajiri.

Punguza utamu. Mwenye kuzaa anapewa uji na chai yenye sukari nyingi "ili maziwa yaje". Maziwa hayaletwi na sukari. Yanaletwa na mtoto kunyonya mara nyingi, na mama kula na kunywa maji ya kutosha. Uji wa mtama au wa soya bila sukari unafaa kabisa. Soda na kasiksi uviache.

Tembea. Mama anayelima na kubeba maji anatumia mwili wake. Lakini mama anayekaa dukani au sokoni kutwa nzima, tuseme anakaa Rughenda na kuuza mjini, ashuke kwa miguu badala ya kupanda moto kila siku. Nusu saa kwa siku inatosha kuanzia.

Angalia kilo. Mtoto akiwekwa kwenye mzani, panda nawe. Ukizidi kunenepa mwaka kwa mwaka, hatari inazidi.

Je, hayo yanasaidia kweli? Ndiyo. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2002, walifuatwa na akina mama waliokuwa na sukari wakati wa mimba na ambao sasa sukari yao ilikuwa ya katikati. Waliopunguza kilo na kutembea, ugonjwa ulipungua karibu nusu. Waliopewa vidonge vya metformini, vivyo hivyo. Vidonge hivyo lakini vinatolewa na munganga. Usivinunue mwenyewe sokoni.

MAULIZO YA AKINA MAMA

"Wanasema nililogwa."
Hapana, mama. Ugonjwa huu unapimwa na kuonekana katika damu. Unapita katika jamaa: uliza kama mama yako, baba yako au ndugu zako wana sukari.

"Mtoto wangu alizaliwa na kilo 4 na nusu. Watu walishangilia. Nilikosea nini?"
Hukukosea. Lakini mtoto wa kilo 4 au zaidi anaweza kuwa alilishwa sukari nyingi tumboni. Hata kama hukupimwa wakati wa mimba, waambie wauguzi habari ya mtoto huyo. Sema vilevile kama ulizaa mtoto mfu bila sababu kujulikana.

"Maziwa yangu yatampa mtoto ugonjwa?"
Hapana. Nyonyesha bila hofu. Hata ukitumia insulini au metformini, unaweza kunyonyesha.

"Ninakunywa majani ya miti, nayo yanashusha sukari."
Tuambie ni majani gani, hatutakukemea. Lakini bila kupima huwezi kujua kama imeshuka. Wala usiache dawa ya munganga kwa ajili ya majani.

"Nikibeba mimba ingine, itarudi?"
Karibu nusu ya akina mama hawa, inarudi. Kwa hiyo pumzika miaka miwili mbele ya mimba ingine, uliza juu ya kupanga uzazi, pimwa kwanza, na uanze CPN mara tu damu ya mwezi ikikosa.

"Ninaogopa hospitali."
Tunafahamu. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu wengi wa Butembo, Katwa na Beni waliogopa hata kupita karibu na kituo. Kipimo cha sukari kinafanywa na sindano mpya kwa kila mama. Una haki ya kuiona ikifunguliwa mbele yako.

"Tulikimbia vita, sisi si wa hapa tena."
Mama, ugonjwa haujui mpaka wa zoni ya afya. Ukiwa Oicha, Beni, Musienene au Kyondo, ingia kituo kilicho karibu nawe na useme: "Nilikuwa na sukari wakati wa mimba." Maneno hayo yanatosha kuanza. Fishi yako uiweke katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto, ili ukikimbia, visipotee.

NENO KWA BABA WA MTOTO NA MAMA MKWE

Baba, kipimo hiki kinadai franga kidogo na asubuhi moja. Ugonjwa uliochelewa unadai franga maisha yote: dawa, macho, figo, miguu inayokatwa. Siku ya kipimo, mtume mke wako mapema, na shamba lingoje siku moja. Mama mkwe, wewe ndiwe unayepika uji wa mwenye kuzaa. Punguza sukari, ongeza mboga. Utakuwa umemtunza kuliko munganga.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Mkikaa katika benchi la CPS, ulizaneni haya:

1. Kwa nini sukari inashuka mtoto akizaliwa?
2. Mama apimwe baada ya juma ngapi, na siku hiyo mtoto anapata nini?
3. Kwa nini kipimo cha mkojo hakitoshi?
4. Kwa nini apimwe mbele ya mimba ingine, siyo baada?
5. Kwa jirani yako, ni nani aliyekuwa na sukari wakati wa mimba na hajarudi? Nani atakwenda kumwambia kesho?